Koili Niliyoiua kwa Mdomo

Kwetu msumeno wa injini hauitwi msumeno. Unaitwa pawa. Ukisema msumeno, utaletewa ule wa mkono wa seremala na uulizwe unajenga nini. Mimi ni fundi wa pawa. Kibanda changu kiko Malava, kando ya barabara ya kwenda Webuye, na katika kazi hii sijawahi kukutana na pawa iliyonidanganya. Wanaodanganya ni wale wanaoileta.

Kila mteja huja na wimbo ule ule: "Fundi, jana ilikuwanga sawa kabisa." Simjibu. Navuta kamba ya kuwashia na kusikiliza. Kamba ikija laini bila kukataa kidogo, najua silinda imechoka. Plagi ikitoka imelowa, petroli inafika lakini cheche haipo, au hewa imezibwa. Ikitoka kavu, natafuta filta iliyo ndani ya tangi, au natafuta uchafu kwenye kabureta. Siku moja nilifungua ekzosi nikakuta nyigu wamejenga nyumba ya udongo humo ndani, na mwenye pawa alikuwa ameshaapa mbele ya mke wake kwamba jirani ameiloga. Nikamwonyesha ule udongo. Akanitazama kwa chuki, akasema hata nyigu hutumwa.

Naeleza haya ili ieleweke kwamba kazi naijua. Yaliyotokea baadaye yamewafanya watu wengi, kuanzia hapa mpaka Butali, waamini kwamba siijui, na hilo linaniuma hata sasa ninapoandika.

Baba yangu alikuwa mkataji. Alipasua mbao kwa pawa bila reli wala kinu, kwa kufuata mstari mweusi uliochorwa kwa uzi uliopakwa unga wa betri kuukuu za redio. Gogo la mkaratusi likilala chini alipanda juu yake, akatanua miguu, akarudi kinyumenyume huku cheni ikila kuelekea kwake. Maseremala waligombania mbao zake kwa sababu hazikuwa na mawimbi. Nilipokuwa mdogo nilidhani kila baba hunuka petroli na maganda ya miti, na nilipogundua kwamba wengine hunuka sabuni niliwaonea huruma watoto wao.

Lakini pawa humla anayeishika, na si kwa meno tu. Mtetemo wake huingia vidoleni na kukaa humo. Kwanza vidole vya baba vilianza kuwa vyeupe asubuhi za baridi, vyeupe kama vya mtu aliyeshika unga. Baadaye akawa anaangusha vikombe, mama akaanza kumpa chai katika kikombe cha plastiki bila kusema kwa nini, naye akaipokea bila kuuliza. Mezani alimega obusuma, ugali wetu, ikiwa bado inatoa moshi, tonge ambalo sisi wengine tulilipuliza, akalifinyanga taratibu mkononi kana kwamba limelala tangu jana. Nilimpeleka hospitalini Kakamega. Daktari alimchoma vidole kwa sindano, akamwambia afumbe macho aseme ni kidole gani. Baba alikisia vyote, na vyote alikosea. Tukaambiwa mishipa ya fahamu imekufa, haitafufuka, na kwamba asishike tena ile mashine.

Kuacha kupasua mbao hakukumpa shida. Alisema amezeeka, watu wakamwelewa. Shida ilikuwa matanga.

Kwetu mtu akifa, kabla hata ya turubai kufika, mjumbe hutumwa kwa mwenye pawa. Haendi kuomba, anaenda kuarifu. Mti huangushwa katika boma la marehemu, hukatwa magogo ya moto wa kukesha na kuni za kupikia waombolezaji, na mwenye pawa haulizwi kama ana nafasi wala kama anajisikia vizuri. Akikataa, watu huanza kukumbushana: hawa si waligombana juu ya mpaka? Mbona huyu hasikitiki? Anajua nini kuhusu kifo hiki? Mwenye pawa anayekataa kukata kuni za matanga anaweza kujieleza mpaka ulimi ukauke. Udhuru unaokubaliwa ni mmoja tu, kwamba pawa yenyewe imeharibika.

Kwa hiyo baba aliendelea kwenda. Nami nilimfuata kila mara, nikijifanya nimekuja kuviringisha magogo. Katika matanga ya mwalimu mmoja mstaafu, ncha ya pawa iligonga fundo la mti ikaruka. Mkono mzima ungeishikilia. Mkono wa kushoto wa baba ulifunguka wenyewe. Cheni ilipita kwenye gambuti lake ikakata mpira, ikakata soksi, ikaishia kwenye ngozi. Alitazama chini mara moja, akalifunika lile tobo kwa unga wa mbao kwa mguu wa pili, akawatangazia watu kwamba anakwenda kunoa cheni. Niliyeona ni mimi peke yangu.

Njiani nilimwambia, "Baba, wacha hii kazi. Utakatika mguu, ama utakata mtoto wa mtu."

"Niwaambie nini?" akasema.

"Waambie mkono imekufa."

"Ndio waanze kuniangalia hivi?" Akainamisha kichwa upande, akalegeza midomo, akaniigizia sura ya watu wanaomhurumia mgonjwa. Aliigiza vizuri mno, nikajua amekwisha kuiona sura hiyo mahali. "Mimi siwezi kaa kwa matanga kama mtu wa kulishwa. Bora hiyo pawa inimalize."

Basi nikaitafutia pawa ugonjwa.

Niliichukua nikasema naisafisha. Ndani ya kila pawa kuna waya ndogo inayotoka kwenye koili, kile kifaa kinachozalisha cheche, kwenda kwenye swichi ya kuzimia. Waya hiyo ikigusa chuma cha injini, cheche hufa. Ndivyo swichi inavyoizima. Niliikwaruza ganda kidogo mahali pasipoonekana, nikaibana igusane na chuma daima. Nikamwita baba kibandani, nikatoa plagi, nikaiegemeza kwenye silinda, nikavuta kamba mbele ya macho yake. Hakuna cheche. Nikavuta tena. Hakuna.

"Koili," nikasema. "Imekufa. Na ya hii aina siku hizi haipatikani."

Alinitazama kitambo kirefu. Sijui aliona nini usoni mwangu. Halafu akasema, "Koiri ndiyo roho yake," kwa ile r yetu ambayo shule haikuiondoa, akaniwekea mkono begani akaondoka.

Sioni haya kusema kwamba uongo ule ndio ukarabati bora kuliko wote niliowahi kuufanya. Mjumbe wa matanga alipokuja, baba alimtolea kiti, akamwonyesha pawa imelala kwenye gunia, akatikisa kichwa. "Imekufa koiri. Kijana yangu ametafuta mpaka amechoka." Mjumbe naye akatikisa kichwa, wakaomboleza pamoja, mjumbe akaenda kwingine. Baba alikwenda matangani mikono ikiwa mifukoni mwa koti, akasimama karibu na vijana wanaokata, akawaelekeza kwa kidevu. Walimsikiliza. Alikuwa mkataji aliyefiwa na pawa, na hiyo ni heshima kamili. Mama alisema siku hizo kwamba mzee amenenepa.

Aliyeharibu ni mdogo wake baba. Baba mdogo ni mkulima wa miwa, mtu wa kifua mbele, mwenye roho nzuri inayoumiza watu. Aliona ndugu yake anazunguka matangani bila kazi, akaamua kumfanyia wema. Siku niliyokuwa nimekwenda mjini kutafuta vipuri, aliipakia ile pawa kwenye bodaboda akaipeleka kwa fundi wa Butali.

Kesho yake nikiwa kibandani na wateja wangu, bodaboda ikasimama. Baba mdogo akashuka na pawa mkononi, na nyuma yake akashuka baba, kwa sababu wema wake ulihitaji shahidi. Hakunisalimu. Aliiweka chini, akavuta kamba, pawa ikalia kwa mvuto wa kwanza. Akabana mafuta mpaka watu wa upande wa pili wa barabara wakageuka.

"Koiri!" akapiga kelele injini ikiwa bado inanguruma. "Koiri gani? Waya moja! Waya ya swichi! Fundi wa Butali ameguza tu, hata chai haikuwa imepoa! Wewe ulikuwanga unasoma nini hapa?"

Wateja wakacheka. Walikuwa na haki ya kucheka. Hata mimi ningemcheka fundi aliyeshindwa na waya ile. Hata anayejifunza huanza na waya ya swichi kabla ya kuitaja koili. Sentensi moja ingetosha kuniokoa. Ningesema niliigusisha makusudi, kwa sababu mikono ya ndugu yako imekufa na hataki mjue. Ilikuwa tayari kinywani. Baba alikuwa amesimama nyuma ya mdogo wake, mikono mifukoni, anatazama lami.

"Sikuiona hiyo waya," nikasema.

Jina likazaliwa pale pale. Naitwa Koiri. Nikipita sokoni kuna mtu ataniita hivyo kutoka nyuma ya rundo la miwa, na nikigeuka hakuna anayenitazama. Wateja wawili walichukua pawa zao siku hiyo hiyo nikiwa nimeshazifungua, wakabeba skurubu kwenye mfuko wa nailoni. Na baba, kabla ya kupanda bodaboda, alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Na mimi nikadhani nimezaa fundi." Nilijikaza nikijiambia kwamba anaigiza tu, na angefanya nini kingine. Lakini nilitukanwa na wengi siku hiyo, na ni hilo moja lililonikosesha hamu ya kula.

Haikupita muda mrefu akafariki mama mmoja jirani yetu, rafiki ya mama tangu walipoolewa. Mjumbe alikuja asubuhi, na safari hii hakukuwa na cha kumwonyesha kwenye gunia. Baba alivaa gambuti, akaenda. Nikafuata.

Vidole vyake havikuweza kuibana kamba ya kuwashia. Nikaichukua pawa nikamwashia, kana kwamba ni heshima ya mtoto kwa mzazi, nikamkabidhi. Aliishika ikinguruma taratibu, akawaambia watu warudi nyuma. Wakarudi. Akawaambia warudi zaidi. Wengine wakaanza kutazamana. Baba mdogo, aliyekuwa ameishikilia ncha ya gogo, hakurudi. Yeye alikuwa amemletea ndugu yake uzima na alitaka kuuona kwa karibu.

Baba akabana mafuta, akashusha cheni kwenye mti, mkono wa kushoto ukafunguka. Pawa nzima iligeuka ikining'inia kwenye mkono wa kulia, ncha ikapita mbele ya tumbo la baba mdogo. Alicheka. Alidhani ni utani wa wakataji wa zamani. Niliruka nikaizima kwa swichi, mimi ambaye sijui waya za swichi.

"Moshi imeniingia macho," baba akasema. Hapakuwa na moshi. Nilikata kuni zote mimi, na baba mdogo alisimama kando akiwaambia watu kwamba angalau kukata najua.

Siku ya pili baba alikuja kibandani. Mvua ilikuwa inanyesha, na wateja sikuwa nao tena wa kuhesabika. Alikaa kwenye gogo ninalowakalishia watu.

"Irudishe vile ilikuwa," akasema.

Sikujifanya sijaelewa. "Hiyo waya sasa wanaijua, baba. Hata mjumbe atakuja na bisibisi."

"Basi iue."

"Kuiua kabisa?"

"Jana tumbo ya ndugu yangu ilikuwa hapa." Akaonyesha mahali, karibu sana na lake. "Iue. Mimi siwezi mwambia mtu mkono yangu haisikii. Hata yeye. Iue, na sisi wawili tu ndio tutajua."

Injini ya pawa hainywi petroli tupu. Haina oili yake yenyewe ya kulainisha pistoni kama injini ya gari, kwa hiyo oili huchanganywa ndani ya petroli, na mchanganyo huo ndio huiokoa mashine. Anayesahau oili huiua injini kwa kazi ya muda mfupi tu. Ni kosa la mtu aliyenunua pawa jana. Fundi yeyote akiifungua ataiona mistari iliyochimbwa kwenye pistoni na kusema bila kufikiri: petroli kavu.

Tulikwenda nyuma ya nyumba, ukingoni mwa shamba la miwa. Niliijaza petroli kavu, nikaiwasha, nikafunga kifyatulio cha mafuta kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ili ilie kwa nguvu yake yote. Nikaiweka chini. Sijui kama kuna mtu asiye fundi atakayenielewa, lakini ile ilikuwa mashine nzuri kuliko zote nilizowahi kuzifungua, na mimi ndiye niliyeijua. Sauti ilipanda. Ikawa nyembamba, kali, karibu ya furaha, kwa sababu injini inayokufa hivyo huwa na kasi kuliko wakati wowote. Halafu ikaanza kukwaruza, ikashuka, ikakatika ghafla. Nilivuta kamba. Haikusogea hata kidogo.

Baba aliinama akaiwekea kiganja juu ya silinda, kama mtu anavyomgusa ng'ombe aliyelala. Akakiacha hapo. Nilichelewa kuelewa. Nilipomvuta mkono, ngozi ilikuwa imeshababuka na yeye ananishangaa kwa nini namvuta. Tulimpaka asali, mama akaambiwa ni sufuria.

Baba mdogo aliibeba tena hadi Butali, akarudi na habari. Tulikuwa uani kwetu, na wageni wachache wa mama wamekaa kwenye kivuli cha nyumba. Akasimama katikati yao. "Petroli kavu! Nani aliweka petroli kwa hii pawa?"

Hilo hatukuwa tumelipanga. Nilikuwa nimefikiria kifo tu, sikufikiria watu watauliza aliyeua. Nilimtazama baba. Angeweza kusema amesahau, uzee. Wangemsamehe kabla hajamaliza kusema. Alikunja kiganja chake kilichoungua, akasema, "Muulize huyo fundi wenu."

"Ni mimi," nikasema. "Nilisahau oili."

Baba mdogo hakucheka safari hii. Alinitazama kwa huruma, kichwa upande, midomo imelegea. Ile sura yenyewe. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniletea pawa kutoka ukoo wetu, na wa nje ninaowapata ni wapita njia wasiojua jina langu.

Matangani baba ana kiti chake sasa. Anakunywa chai kwa kikombe cha plastiki, akishika kwa mikono yote miwili, na mgeni akimwuliza habari za kazi anamwambia, "Nilikuwanga na pawa. Hii kijana yangu ikaiua." Wote hunigeukia. Mwanzoni nilikuwa nasubiri anikonyeze, au akohoe kidogo kama ishara, nami nilikuwa tayari kuyabeba yote kwa ishara hiyo moja. Hakunipa. Nikajiambia kwamba yuko makini, mbele ya watu.

Juzi tulikuwa wawili tu jikoni. Mama alikuwa amekwenda kanisani, baridi ilikuwa kali, vidole vya baba vimekuwa vyeupe juu ya kile kikombe. Hapakuwa na mtu wa kumdanganya.

"Ile pawa yangu," akasema. "Ungeweka tu oiri kidogo. Kifuniko moja. Saa hii ningekuwa bado nakata."

Nilingoja acheke. Nilimtazama machoni, na macho yalikuwa yananilaumu kwa dhati, kama ya mteja yeyote aliyeharibiwa mashine. Sijui kama amesahau, au kama ameona ni rahisi kuishi na mtoto mjinga kuliko kuishi na mikono ile. Nilitaka kumkumbusha ukingo wa miwa. Nilitaka kumshika kile kiganja nimwonyeshe kovu lake mwenyewe.

"Nisamehe, baba," nikasema.

Akanywa chai yake, akaniambia atafikiria.